Shajara ya Ford ya 1934: hedi, pistoni na hesabu ya mgandamizo

6 Januari

Injini iliyofungwa kwenye stendi tangu juzi ni Chevrolet 350 (yaani ya inchi za ujazo 350) iliyotoka katika pikapu ya miaka ya 1970, nayo itakaa ndani ya Ford ya milango miwili ya mwaka 1934. Aliyezoea kuona Toyota ikirudishiwa injini ya Toyota atauliza kwa nini Ford ipewe injini ya hasimu wake, lakini hapa Marekani jambo hilo limezoeleka tangu Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955. Injini hiyo ni fupi na nyembamba, distribyuta yake, inayogawia plagi umeme, iko nyuma kwa hiyo haigombani na rejeta katika pua finyu ya gari la kale, na vipuri vyake hupatikana hata katika mji wenye duka moja. Gari la namna hii, yaani la kabla ya 1949 lililovishwa mitambo ya baadaye kwa ajili ya kutembelea barabarani, wenyewe huliita striti rodi.

Ninaishi Denver, mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi. Hewa ya hapa ni nyepesi, shinikizo lake ni kama asilimia 83 ya lile la pwani, na kwa hiyo vituo vya mafuta vya hapa huuza petroli ya kawaida ya okteni 85 (kipimo cha uwezo wa petroli kukataa kujiwasha yenyewe), na ya juu kabisa huwa 91. Kipimo kinachoandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya okteni, RON na MON, hivyo 91 yao iko karibu na 95 kwa kipimo cha RON kinachotumika Afrika Mashariki. Kama gari lingebaki hapa mlimani, mgandamizo, yaani jinsi pistoni inavyobana mchanganyiko wa hewa na petroli, usingenisumbua sana. Lakini jirani yangu, mzee mstaafu aliyeshajenga magari matatu ya aina hii, ameniwekea sharti moja la kunikopesha vifaa vyake: mwezi wa Agosti twende pamoja Louisville, Kentucky, kwenye mkutano mkubwa wa striti rodi. Louisville iko chini, ina joto na unyevu, na injini inayotulia Denver inaweza kulia kule kama debe la kokoto.

Kwetu fundi akisema injini imenoki, ana maana kwamba beringi zimekwisha au injini imekufa kabisa. Ninachokiogopa hapa ni ugonjwa mwingine: mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembeni mwa silinda kujiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Nitauita kugonga. Ugonjwa huo ukiendelea, ndio unaozaa ule wa kwanza.

12 Januari

Kabla ya kununua chochote nilivua hedi za zamani, yaani vifuniko vya silinda vyenye valvu, nikapima kila kitu mwenyewe, kwa sababu injini ya miaka hamsini imeshapita kwa mafundi wengi na hakuna hata mmoja aliyeacha maandishi.

Silinda zilishachongwa mara moja: kipenyo ni inchi 4.030, yaani milimita 102.36, badala ya inchi 4.000 za kiwandani. Mwendo wa pistoni ni ule ule wa inchi 3.48, yaani milimita 88.39. Kwa vipimo hivyo kila silinda inabeba cc 727.4 kutoka chini hadi juu ya mwendo, na zote nane zinafikia inchi za ujazo 355. Hapo hakuna la ajabu.

La ajabu lilikuwa juu. Nilisimamisha geji ya saa kwenye uso wa bloku (mwili wa injini wenye silinda), nikazungusha krenki (mhimili mkuu) taratibu hadi pistoni ikafika kileleni, nikasoma nikiwa nimeweka ncha ya geji juu ya mstari wa pini inayoishika pistoni, maana ukipima pembeni pistoni hutikisika na kukudanganya. Pistoni ilibaki chini ya uso wa bloku kwa wastani wa inchi 0.044, yaani milimita 1.12. Kona ya mbele kushoto ilisoma 0.041 na ya nyuma kushoto 0.046, kwa hiyo hata uso wenyewe haukulala sambamba na krenki. Kiwandani hesabu huenda hivi: nusu ya mwendo ni 1.740, konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) ni 5.700, na kutoka pini hadi uso wa pistoni ni 1.560, jumla ni inchi 9.000 kamili, wakati urefu wa bloku kutoka katikati ya krenki ni 9.025. Kwa hiyo pistoni ya kiwandani hubaki chini kwa inchi 0.025 tu. Zile karibu inchi 0.020 za ziada nilizozikuta zina maelezo yake: pistoni nyingi za ukarabati hutengenezwa fupi kidogo kusudi zifidie bloku iliyokwisha kuskimiwa, yaani kukatwa uso ili unyooke, na aliyefungua injini hii kabla yangu alizifunga bila kuiskimu bloku. Aliokoa fedha, akaiacha injini bila pumzi.

Upimaji wa chumba cha mwako, yaani bonde lililo ndani ya hedi juu ya kila silinda, ulinichukua jioni nzima. Niliilaza hedi vyumba vikiangalia juu, nikafunga plagi na valvu, nikapaka grisi nyembamba kuzunguka chumba, nikakandamiza juu yake kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo upande mmoja, kisha nikamimina kutoka kwenye bureti spiriti niliyoitia rangi nyekundu ya chakula. Kiputo cha mwisho ndicho kinachochosha: hukimbilia upande usio na tundu, na inabidi kuinua hedi kwa kabari ya mbao, kugonga plastiki kwa ukucha, kusubiri. Vyumba vyote vinane vilikuwa karibu na cc 76, kama zilivyo hedi nyingi za enzi ile ya masharti ya moshi. Kwa vijibonde vya valvu vilivyo juu ya pistoni nilifanya hivyo hivyo: niliishusha pistoni inchi 0.250 chini ya uso wa bloku, nikaziba ukingo wake kwa grisi, nikajaza. Zilikwenda cc 59.3. Silinda tupu ya kimo hicho ingechukua 52.3, kwa hiyo vijibonde ni cc 7.

Gasketi ya kati ya bloku na hedi niliyoivua, yenye unene wa inchi 0.041 na tundu la inchi 4.166, ina cc 9.2. Nafasi iliyo juu ya pistoni nayo ina cc 9.2. Jumla ya 76, 7, 9.2 na 9.2 ni 101.4, ukiiongezea 727.4 na kugawa jibu kwa 101.4 unapata uwiano wa mgandamizo wa 8.2 kwa 1. Kwa Denver huo ni mgandamizo wa trekta.

19 Januari

Nilimpigia kaka yangu aliye Mombasa, fundi wa miaka mingi, nikamweleza kwamba hedi zangu zina vyumba vikubwa mno.

"Si uziskimu tu, mdogo wangu?" alisema.

"Nikitaka kutoka 76 hadi 64 kwa kuskimu, kaka, nitakata karibu milimita mbili."

"Basi hiyo si hedi tena, hiyo ni kifuniko cha sufuria." Akanikumbusha magari aliyoyaona yakiskimiwa kila yanapochemsha, mara mbili, mara tatu, bila mtu kuhesabu chumba kilichobaki, mpaka yanaanza kugonga kwenye mlima wa Mazeras na mwenye gari analaumu kituo cha mafuta.

Kwa hedi hizi kila cc moja inahitaji kukatwa kama inchi 0.006 au 0.007. Inchi 0.080 haziwezekani: ukuta wa chini wa hedi ungebaki mwembamba, na milango ya hewa isingelingana tena na manifoldi, bomba linalozigawia silinda hewa. Kwa hiyo ni kutafuta hedi nyingine, na njia ziko tatu.

Mzee jirani anapenda hedi za miaka ya 1960 zenye alama ya nundu mbili kwenye ncha, ambazo Wamarekani huzifananisha na mgongo wa ngamia. Ni za chuma cha kusubu, vyumba vya cc 64 hivi, na zinapendeza katika gari la kale. Lakini zile za kabla ya 1969 hazina matundu ya bolti kwenye ncha, kwa hiyo altaneta inakosa pa kushikia, na vikalio vyake vya valvu vilitengenezwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi ya kuvikinga. Kuvibadilisha vyote ni gharama inayokaribia kununua hedi mpya. Nimemwambia mzee kwa adabu kwamba nitazipiga picha.

Njia ya pili ni hedi mpya za aluminiamu. Aluminiamu hupitisha joto haraka, na mafundi wengi huiruhusu kubeba mgandamizo wa juu zaidi kuliko chuma, nusu alama au hata alama nzima ya uwiano. Sina ugomvi nazo isipokuwa bei.

Ya tatu ni Vortec, hedi za chuma zilizofungwa kwenye pikapu za Chevrolet kuanzia 1996. Chumba chake ni cha cc 64 kwa maandishi, kina umbo la figo, plagi iko mahali pazuri na sehemu kubwa ya uso wake ni bapa. Mchanganyiko huwaka haraka ndani yake, kiasi kwamba injini huridhika na nyuzi 32 za taimingi (kiasi ambacho plagi huwahi kuwasha kabla pistoni haijafika juu) pale ambapo hedi za zamani zilidai 36. Zina kasoro tatu: zinataka manifoldi yake maalumu yenye bolti nane, vifuniko vya roka (vikono vinavyosukuma valvu) hushikwa na bolti za katikati badala ya pembezoni, jambo linalomwudhi mzee, na springi za valvu za kiwandani hazivumilii kamshafti (mhimili unaofungua valvu) yenye kiinuo kikubwa. Nimechagua hizi.

2 Februari

Jozi ya kwanza ya Vortec imekataliwa. Niliinunua kutoka kwa mtu wa vipuri vilivyotumika aliyeniapia kwamba zilitoka kwenye gari lililogongwa nyuma, injini ikiwa nzima. Kwa macho zilikuwa safi. Zilipowekewa sumaku na kunyunyiziwa unga wa chuma, unga ulijipanga katika vyumba viwili kama unywele mmoja mweusi, kutoka kikalio cha valvu ya kuingiza hadi kikalio cha valvu ya kutoa. Hedi hizi zinajulikana kwa kupasuka hapo hasa, nami nililijua hilo kabla sijatoa fedha, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu. Anayefuata njia hii adai jaribio la sumaku kwanza, ndipo azungumze bei.

Jozi ya pili ilipita. Imekatwa vikalio upya, imewekewa springi nyingine na gaidi mpya, yaani mirija inayoongoza valvu. Kisha nikarudia kazi ya spiriti, kwani kikalio kikikatwa valvu huzama na chumba hukua. Vyumba vinane vilisoma kati ya 65.5 na 66.4, wastani 66.0. Kitabu kinasema 64, hedi zangu zinasema 66, na hesabu zote kuanzia sasa zitafuata hedi.

16 Februari

Leo ni siku ya karatasi.

Hesabu ya kwanza ni ya mvivu: kufunga hedi mpya juu ya kila kitu kilivyo, kwa gasketi ile ile ya kawaida. Chumba 66, vijibonde 7, gasketi 9.2, juu ya pistoni 9.2, jumla 91.4, uwiano 8.96 kwa 1. Ukitazama tarakimu hiyo peke yake unaona tisa isiyo na matata, na watu wengi wangeishia hapo. Tatizo limejificha penginepo. Pistoni ikiwa kileleni, kati yake na sehemu bapa ya hedi kutakuwa na inchi 0.044 za bloku na 0.041 za gasketi, jumla 0.085, zaidi ya milimita mbili.

Sehemu hiyo bapa ina kazi. Pistoni inapokaribia juu inabana mchanganyiko ulio chini ya ubapa na kuusukuma kwa nguvu kuelekea plagi, ukivurugika na kuwaka haraka, na tabaka jembamba linalobaki pembeni linapozwa na chuma cha pande zote mbili kiasi cha kutoweza kujiwasha. Mwanya ukiwa kati ya inchi 0.035 na 0.045, milimita 0.9 hadi 1.15, kazi hiyo inafanyika. Ukifika milimita mbili, mbano unakuwa dhaifu, na pembeni kunabaki mfuko wa mchanganyiko wenye joto usiopozwa ipasavyo, ambao ndio unaogonga. Kwa sababu hiyo injini ya 9 kwa 1 yenye mwanya mpana inaweza kugonga pale ambapo ya 9.8 yenye mwanya uliobana inakwenda kimya, na kwa sababu hiyo hiyo kushusha mgandamizo kwa kurundika gasketi nene, dawa niliyoiona kwenye gereji nyingi za kwetu na za hapa, mara nyingi ni kuongeza ugonjwa.

Hesabu ya pili: gasketi nyembamba ya chuma, inchi 0.015, bila kugusa bloku. Uwiano unakuwa 9.5, mwanya 0.059. Bado mpana.

Hesabu ya tatu: kuskimu bloku hadi pistoni ibaki chini kwa inchi 0.025 katika kona zote nne, kama kiwanda kilivyokusudia, na kutumia gasketi hiyo nyembamba. Mwanya unakuwa 0.040, ndio ninaoutaka. Ujazo wa juu ni 66, 7, 3.25 na 5.25, jumla 81.5, na uwiano ni 9.93.

Je, 9.93 kwa hedi za chuma na petroli ya 91 ni nyingi mno? Swali hilo halijibiki bila kamshafti, kwa sababu valvu ya kuingiza haifungi pistoni ikiwa chini kabisa. Inafunga pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, na sehemu ya kwanza ya mpando haigandamizi kitu, inarudisha hewa kwenye manifoldi. Kamshafti niliyoitazama, yenye muda wa nyuzi 268 (valvu hukaa wazi kwa nyuzi hizo za mzunguko wa krenki) na kitovu cha kuingiza kwenye nyuzi 108 (valvu ya kuingiza hufikia upeo wa kufunguka nyuzi hizo baada ya pistoni kupita juu), inafunga nyuzi 62 baada ya pistoni kupita chini. Kwa konrodi ya inchi 5.7, pistoni hapo imebakiza inchi 2.77 tu za kupanda kati ya 3.48. Ukizitumia hizo badala ya mwendo mzima, mgandamizo halisi unakuwa 8.1. Kipimo kinachozoeleka kwa hedi za chuma na petroli ya kituoni ni kutozidi 8.0 hadi 8.25, nami niko ndani.

Halafu nikajaribu kwa makusudi kamshafti ya kipole, ile ambayo muuzaji angempendekezea mtu anayetaka gari la kutembelea tu: muda wa nyuzi 252, valvu ikifunga kwenye 52. Pistoni na hedi ni zile zile, mgandamizo wa karatasi ni ule ule wa 9.93, lakini mgandamizo halisi unaruka hadi 8.64. Injini hiyo ingesumbua Louisville, na mwenyewe angeapa kwamba hakufanya ukorofi wowote. Nilimwonyesha mzee tarakimu hizi mbili ubavu kwa ubavu. Alizitazama kwa muda, akavua miwani, akasema kwamba gari lake la pili lilikuwa hivyo hivyo na alimaliza miaka minne akilirekebisha kabureta.

Nimeagiza ya 268, kiinuo milimita 11.4. Kwenye hedi zangu nafasi kutoka kofia ya springi hadi sili ya gaidi ni milimita 13.0, kwa hiyo zinabaki 1.6 valvu ikiwa wazi kabisa. Zinatosha.

9 Machi

Bloku imerudi kutoka kuchongwa, na imechongwa kupita kiasi.

Kwenye karatasi ya kazi niliandika kwa kalamu nyekundu: acha pistoni inchi 0.025 chini. Karakana yenyewe sitaitaja. Nilipofunga krenki na pistoni mbili, moja kila mwisho, geji ilisoma 0.016 mbele na 0.016 nyuma, pande zote mbili. Sifa yao ni kwamba uso sasa umenyooka kuliko ulivyowahi kuwa. Nilipouliza, jibu lilikuwa kwamba kona moja ilikuwa chini sana na ilibidi wakate hadi waifikie. Huenda. Lakini kona niliyoipima mimi haikuwa chini kiasi hicho, na simu ingewatosha kabla ya kupitisha jiwe la mwisho. Chuma kilichokatwa hakirudi.

Nikiifunga gasketi ya 0.015 sasa, mwanya utakuwa 0.031. Konrodi za chuma hurefuka kidogo injini ikizunguka kwa kasi, na pistoni baridi hutikisika ndani ya silinda. Sitaki kujua kwa kusikia kama zitaigusa hedi. Mgandamizo nao ungepanda hadi 10.1.

Nilikaa na kikombe cha chai ya tangawizi na orodha ya gasketi. Iko moja ya tabaka laini, unene wa inchi 0.028 ikishakazwa, tundu la 4.100, ujazo wa cc 6.1. Mwanya: 0.016 na 0.028 ni 0.044, ndani ya kipimo. Ujazo: 66, 7, 6.1 na 3.3, jumla 82.4. Uwiano: 9.83. Mgandamizo halisi kwa kamshafti ile ile: 8.02. Kosa lao limeniletea injini tulivu zaidi ya ile niliyoipanga, na gasketi ya tabaka laini inasamehe mikwaruzo ambayo ile ya chuma kitupu isingeisamehe. Hata hivyo bili yao niliilipa nikiwa nimekunja uso.

23 Machi

Bloku iliyoshuka huburuta mengine nyuma yake. Manifoldi ilikaa juu mno katikati ya V, na bolti mbili za upande wa kulia zilikataa kuingia hata kwa vidole. Imekwenda kwa fundi mwingine kupunguzwa nyuso. Fimbo za kusukumia roka nilizijaribu kwa kupaka wino kwenye ncha ya valvu na kuzungusha injini mara kadhaa; alama ilisogea kuelekea ukingo, nikaagiza fupi kidogo, ikarudi katikati.

Kipimo cha valvu na pistoni nilikifanya kwa udongo wa kuchezea wa mtoto wangu. Unabandika kipande juu ya pistoni, unafunga hedi kwa gasketi iliyotumika, unazungusha krenki mizunguko miwili kwa mkono, unavua, unakata udongo kwa wembe pale ulipokuwa mwembamba kabisa na kuupima. Upande wa kuingiza umebaki na milimita 2.8, wa kutoa 3.2. Kiwango cha chini ni 2.0 na 2.5. Mtoto ameahidiwa udongo mpya, kwani wa zamani unanuka oili.

27 Aprili

Iliwaka kwa jaribio la pili. Kwa kuwa tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti) ni za kukaa bapa juu ya kamshafti, sikuiacha izubae kwenye mwendo wa chini: niliishikilia kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika ishirini na tano, kwa oili yenye zinki ya kutosha, mzee akiwa amesimama kando na mpira wa maji kana kwamba nyumba inaungua.

Ilipopoa kiasi nilitoa plagi zote, nikafungua kabureta wazi, nikapima mgandamizo silinda moja moja. Ya chini ilikuwa psi 150, ya juu 156. Hewa ya Denver ndiyo inayozungumza hapo. Injini hii hii ikipelekwa pwani ningetarajia 180 na kidogo. Kwangu tofauti ya psi sita kati ya silinda nane ina thamani kuliko tarakimu yenyewe, maana inaonyesha kwamba zile jioni za spiriti hazikupotea.

14 Juni

Jaribio la nyanda za chini. Tulishuka kwa barabara kuu ya 70 hadi Salina, Kansas, mita 370 hivi juu ya bahari, siku ya joto kali, tanki likiwa na petroli ya 91 na taimingi ikiwa nyuzi 32 kamili. Nje ya mji nilikanyaga mafuta hadi mwisho kwenye gia ya juu kutoka mwendo mdogo, hali inayoidhihirisha injini yenye tabia ya kugonga. Sikusikia kitu, na mzee aliyeweka sikio karibu na ukuta wa injini hakusikia kitu.

Masikio hayatoshi lakini. Nilizima injini hapo hapo kando ya barabara, nikasubiri, nikatoa plagi na kuzitazama kwa lenzi. Saba zilikuwa safi, kaure yake ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ya silinda ya 7 ilikuwa na vitone vitatu vinavyong'aa juu ya kaure, vidogo kama vumbi la pilipili, na vitone hivyo ni aluminiamu ya pistoni. Silinda ya 7 ya injini hizi huwaka mara tu baada ya jirani yake ya 5, katika mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na ndiyo yenye desturi ya kuchemka kuliko wenzake. Nilirudisha taimingi hadi nyuzi 30, nikaweka plagi mpya ndani ya 7, nikarudia mkanyago mara tatu kwenye barabara ile ile. Kaure ilitoka safi. Nguvu iliyopotea sikuihisi. Taimingi itabaki 30 mpaka tutakaporudi kutoka Louisville, na plagi yenye vitone nimeitia kwenye kopo la bolti juu ya benchi.